Shahidi wa Zamda

Mtaani kwao hapakuwa na bibi aliyeijua historia kama Bi Mwantumu, ingawa shule aliishia darasa la nne, na hilo la nne alilirudia.

Zama hizo chuo kikuu hakikupokea tena maandishi matupu. Mwenye kutaka shahada ya uzamili ya historia alileta shahidi aliye hai, shahidi akavishwa kofia ya nyaya, na yale aliyoyaona ujanani yakaonekana ukutani kama sinema. Mjukuu wa Bi Mwantumu, Zamda, alikuwa ameandika tasnifu nzima juu ya wanawake walioandamana kudai maji, wakiongozwa, kwa simulizi za bibi, na bibi mwenyewe.

"Bibi, si ulikuwa mbele kabisa?" Zamda aliuliza sebuleni kwao, maprofesa waliokuja kumtahini wakinywa kahawa.

"Mbele hadi vumbi la wenzangu sikulionja, mke mwenza."

Uongozi huo ulianza kama utani wa bibi na mjukuu, nani angedhani mtoto ataupeleka chuoni? Tangu hapo haya ilimkaa Bi Mwantumu kooni kama mwiba wa samaki, asiweze kuutema.

Akavishwa kofia, ikawaka. Ukutani ukatokea uvungu wa kitanda, wenye giza na kandambili moja. Nje wanawake walikuwa wakigonga ndoo.

"Mwantumu! Toka twende!"

Zamda aliinamisha uso. Bi Mwantumu alikimbilia kuivua kofia, lakini sauti yake ya usichana ilimtangulia, ikajaa sebule nzima:

"Mwantumu hayupo! Ameshatangulia!"