Simu Tisa

Fundi alisukuma mlango akakuta feni imesimama.

Aliifunga mwenyewe, paneli moja ya sola juu ya bati na betri ya gari chini ya kitanda, ili mama yake mwenye pumu apate hewa. Majirani walipoomba kuchaji simu, alijigamba: "Chomekeni tu, jua ni la wote!"

Leo mawingu yalitanda tangu asubuhi, joto likabaki palepale. Simu tisa zilikuwa zimeinyonya betri ikakauka.

"Mama?"

Mama alikuwa amelala kifudifudi kitandani, mkono ukining'inia hadi sakafuni. Vidole vilikuwa vimeshika waya wa simu moja, aliofanikiwa kuuchomoa. Vilikuwa vimepoa.

"Hodi, fundi!" jirani aliita mlangoni. "Simu yangu imejaa?"

"Zote zimejaa, shangazi," alisema. "Isipokuwa moja."