Chaja Isiyo na Fyuzi

Akiwa dukani Mtendeni, Josepha aliifungua kwa bisibisi chaja aliyokuwa ametoka kuinunua. Ndani alikuta saketi aliyoibuni mwenyewe, mpaka ile njia ya shaba aliyoipinda ili ikwepe transfoma. Mchoro wake alikuwa amemwonyesha mumewe tu.

Fyuzi ya kuzuia moto haikuwepo. Mahali pake palikuwa na kipande cha waya.

Akampigia mumewe simu. "Umewapa watu chaja yangu?"

"Nilitaka kukwambia, mke wangu," alisema mumewe. "Walisema fyuzi inakula nafasi."

"Itaunguza nyumba za watu."

"Mbona hakuna aliyelalamika."

Josepha alimgeukia mwenye duka, simu ikiwa bado sikioni. "Baba, naomba usiziuze hizi. Zitawasha moto."

"Kwani katengeneza nani?"

Josepha akataja jina la mumewe.