Boneti Baridi

Kabla hata ya salamu, mteja aliweka kiganja juu ya boneti na kukiacha hapo, kama anayempima mtoto homa.

"Baridi," alisema, akaridhika. "Vizuri. Shikamoo, mzee."

Muuzaji alisita kidogo, kisha akaitikia marahaba. Baridi ile haikuwa bahati. Mwezi uliopita alikuwa ameliwasha gari mapema ili lisije likamwaibisha, na biashara ikamfia mkononi. Gari linalopashwa moto kabla ya mteja kufika, aliambiwa, lina siri. Safari hii aliliacha limelala uani tangu jana. Leo ilikuwa lazima auze, tena kabla ya saa nne, maana mjini kulikuwa na mtu aliyekuwa akimsubiri, na mtu huyo ukimkosa anakupangia mwezi mwingine.

Mteja alikuwa mama mwembamba, amevaa gauni la kutokea na kandambili za bafuni, na kwa magari alikuwa mkali kuliko wengi wanaojiita mafundi. Alifungua kifuniko cha oili, akatazama chini yake kama kuna utando mweupe, dalili ya maji kuingia kwenye injini. Akachomoa kijiti cha oili ya gia, akakinusa isije ikawa imeungua. Akainua kapeti miguuni pa dereva na kupapasa bati, akitafuta kutu na tope kavu, kwa sababu gari lililozama kwenye mafuriko hupakwa rangi juu tu. Mkononi hakupata kitu ila vumbi.

Muuzaji alijaribu kulisifia kidogo, kwamba ni gari la familia, siti saba, na halijawahi kumlaza mtu njiani.

"Kizuri chajiuza, mzee," alisema mama bila kuinua kichwa. "Wewe washa tu."

Akawasha. Mama alienda nyuma kutazama moshi. Haukuwa wa buluu wala mweupe mzito. Akaamuru usukani ukatwe hadi mwisho, kulia kisha kushoto, naye ameinama akisikiliza kama magurudumu ya mbele yanagonga. La kushoto lilikuwa linagonga kidogo, na muuzaji akakiri mwenyewe kabla ya kuulizwa. Kwa mteja huyu uongo ulikuwa kazi bure.

Kisha mama akauendea mlango wa nyuma. Mlango ule ulikuwa mkaidi, na wageni wote huuvuta mpaka wakakata tamaa. Yeye aliunyanyua kidogo kwa goti, ndipo akavuta, nao ukafunguka. Muuzaji aliliona lile goti, akasogea karibu. Akasubiri aseme neno. Mama aliingia ndani akaanza kukagua mikanda.

"Huu umetafunwa," alisema.

"Binti yangu huyo. Alikuwa anaota meno."

"Hata wangu anaota sasa hivi. Nimemwacha nyumbani na baba yake." Mama akacheka. "Na baba yake huyo, ukimtuma kununua gari, atatazama rangi. Mwanamume mzuri sana, sina la kulalamika, lakini kwenye magari anauziwa mbuzi kwenye gunia. Ndiyo maana nimekuja mwenyewe."

Muuzaji aliinama akajifanya anaangalia upepo wa tairi. Alikaa pale muda mrefu kuliko tairi lilivyohitaji, na mama, aliyekuwa ameshamaliza na mikanda, akamuuliza kutoka ndani lile swali ambalo hakuna mnunuzi mwenye akili anayelisahau: kwa nini anauza?

"Ni gari la mke wangu," alisema muuzaji, bado ameinama. "Yeye ndiye aliyelichagua, yeye ndiye aliyekuwa akiliendesha. Sasa..."

Akaendelea kubonyeza tairi.

Mama alishuka. Akamwekea mkono begani, ule ule uliopima boneti, na ukali wote wa biashara ukamtoka usoni.

"Pole, mzee wangu," alisema. "Pole sana."

Aliisema kwa moyo wake wote, na ndiyo maana ilimuuma. Muuzaji alitaka kulia, lakini saa ilikuwa inakwenda, akajikaza wakaingia kwenye bei. Mama alitaja kiasi ambacho siku hizi hakinunui hata matairi manne. Muuzaji akakuna kichwa, akalalamika, akapandisha kidogo, akashuka tena. Alishajifunza kwamba akikubali haraka mama atadhani gari ni la wizi. Mwishowe wakapeana mikono.

"Fedha atakupa mume wangu, ni mwaminifu," alisema mama. Muuzaji akasema hana wasiwasi naye. "Basi endesha wewe, mimi leo nimechoka. Kwa kawaida sipandi gari la mtu nisiyemjua, lakini hili sasa ni langu."

Muuzaji akamfungulia mlango wa mbele, akamkalisha na kumfunga mkanda.

Mlango wa nyumba ukafunguka. Mwanamke kijana akatoka mbio na kadi ya hospitali, na mkono wa pili ameshika viatu vya kike.

"Baba, mama amekubali leo?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Daktari anaanza saa nne."

Muuzaji akaitikia kwa kichwa. Binti akapiga magoti kando ya gari, akamvua mama kandambili na kuanza kumvalisha viatu, na mama akamwinamia sikioni.

"Mdogo wangu, msimharakishe huyu mzee wa watu," alinong'ona. "Amempoteza mkewe."