Pembe ya Kulia

"Kiurdu," alisema Sharafat, akaisukuma fomu ya mtihani wa dini juu ya meza ya mwalimu. "Dini ya nyumba yangu haiandikwi kwa Kiingereza."

Binti yake, Mehrunisa, aliinamisha kichwa. Somo lile alilisoma kwa Kiingereza miaka minne. Kiurdu kilikuwa lugha ya nyumbani. Kukiandika kulimtoa jasho, ukurasa mmoja saa nzima.

"Atafeli," alisema Bi Tahira, mwalimu wake. "Unamchimbia kaburi mwanao mwenyewe."

"Nani kakuuliza? Kazi yako kufundisha, si kunipangia nyumba yangu!"

Bi Tahira aliigeuza fomu, akagusa mstari wa chini. "Haya, bwana. Mzazi anaandika hapa kwamba ameridhia, kwa mkono wake, kwa lugha aliyoichagua. Kisha jina."

Sharafat aliinyakua kalamu. Akaiweka pembe ya kulia, kule Kiurdu kinakoanzia, na hapo hapo mkono ukaganda. Wino ukaanza kutapakaa.

Mehrunisa alilikumbuka gazeti la Kiurdu ambalo baba alimtupia kila asubuhi, bila yeye mwenyewe kulifungua hata siku moja. "Soma kwa nguvu, nisikie matamshi yako." Akikwama, kofi.

Baba aliinua macho, akamtazama. Safari hii macho yale hayakuamuru kitu.

Mehrunisa aliikunja mikono kifuani.

"Andika, baba," alisema, kwa Kiurdu safi kisicho na kasoro. Doa la wino lilikuwa limeshafika kwenye jina la Mehrunisa, lililochapwa juu ya mstari ule.