Mgongo wa Winchi

"Leo namshika," nyapara alijiapia, macho hayabanduki kwenye kiuno cha Winchi.

Nyaya za shaba zilikuwa zikipotea pale kwenye ujenzi, na tajiri alishasema wazi: mwizi asipopatikana wiki hii, anayefungasha virago ni nyapara mwenyewe. Naye nyapara alikuwa na watoto wa kulisha. Hakuwa na mchezo hata kidogo.

Na Winchi, mbeba saruji aliyepewa jina hilo kwa nguvu zake, alikuwa amebadilika. Zamani alikuwa akiukumbatia mfuko wa saruji kifuani kama mto. Siku hizi begani tu, tena kwa kuguna. Mgongo, ati! Sawa, pale nani mgongo haumuumi? Wote walijifunga vitambaa kiunoni, jioni wakatoka wamepinda, wakitaniana nani kazeeka zaidi. Lakini wenzake walivifungua mchana wapate kupumua. Cha Winchi hakifunguliwi, na kila ukikitazama kimenenepa. Halafu zile safari za chooni! Mtu gani huyo, kibofu kama cha kuazima?

"Kama mgongo unauma, nenda kwa daktari," nyapara alimtega asubuhi. "Nitakulipia mimi."

"Hapana, bosi. Utapoa tu."

"Basi kapumzike nyumbani."

"Nikipumzika utaajiri mwingine." Jasho lilimtoka Winchi. "Niache nibebe, bosi. Tafadhali."

Ehee! Mgonjwa gani anakimbia dawa na kung'ang'ania mzigo? Nyapara hakuwa mtu wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Saa ya kutoka akamzuia getini, mbele ya wenzake. "Fungua hicho kitambaa."

"Si hapa, bosi. Nakuomba."

"Fungua, au nitakifungua mwenyewe!"

Winchi akajikumbatia, akarudi nyuma mpaka ukutani. Wenzake, waliokuwa wakicheka, wakasogea karibu. Nyapara moyo ulimdunda kwa furaha. Kazi yake imepona. Akaweka mkono juu ya shati. Chini ya kitambaa kulikuwa na kitu kigumu, cha mviringo. Shaba hiyo, tena bunda zima! Akabonyeza kwa nguvu.

"Taratibu, bosi," Winchi akanong'ona, machozi yakimlengalenga. "Ndiyo kwanza amelala."

Kiganjani mwa nyapara, kitu kikapiga teke.