Magome ya Mkwinini

Homa ilipomzidia Chande, mkewe Sikudhani alichemsha magome ya mkwinini, mti wa asili ya Amerika ya Kusini uliopandwa nyuma ya nyumba yao. Alimnywesha bakuli zima, kisha akaongeza la pili ili apone haraka.

Asubuhi mwili wa Chande ulikuwa umepoa. Sikudhani akapiga kigelegele.

"Mbona unapanua mdomo tu?" Chande akauliza kwa kelele.

"Umepona, baba Rehani!"

"Sema basi, mke wangu!"

Sikudhani akapigwa na butwaa. Aliwahi kuambiwa kwinini ikizidi huziba masikio, asiamini. Akapiga makofi karibu na sikio la mumewe. Chande hakushtuka.

"Nimekufanya nini?" akalia.

Chande akanyoosha mkono, akamgusa koo lililokuwa likitetemeka, akasikiliza kwa vidole.