Nzi wa Ufa wa Sakafu

Zeyana, mtaalamu wa wadudu, aliikuza picha ya nzi aliyotumiwa na Mwanahawa, mwanamke asiyemjua. Mumewe Mwanahawa alikuwa amesema hao ni nzi wa ndizi tu. Lakini nzi huyu alikuwa na kibiongo, na mapaja yake ya nyuma yalikuwa manene. Nzi wa namna hii hupenya ardhini kufuata mzoga.

Akapiga simu. "Dada, wanatokea wapi?"

"Kwenye ufa wa sakafu, chumbani. Mume wangu aliisakafia mwenyewe, mke mwenzangu alipoondoka bila kuaga."

"Toka nje sasa hivi. Usibebe kitu."

Kwenye simu mlango ulisikika ukifunguliwa, na sauti ya mwanamume ikauliza kwa upole, "Unaongea na nani?"